Fleti Sinza, nyumba Goba au pagale Kigamboni: nichukue ipi?

Kisiki_Kikavu
Wakuu, heshima kwenu. Nataka kununua nyumba Dar mwaka huu huu, nimechoka kodi ya miezi sita sita. Madalali wamenizungusha mpaka soli zimeisha, nimebaki na tatu. Ya kwanza fleti ya vyumba viwili Sinza, ghorofa ya nne. Ya pili nyumba iliyokamilika Goba, vyumba vitatu na uzio. Ya tatu pagale Kigamboni, yaani nyumba haijamaliziwa, ila limeshapauliwa, kiwanja kikubwa. Ungekuwa wewe ungechukua ipi? Nawasilisha.

MamaChanja
Bei? Hati? Taslimu au mkopo? Kazi unafanya wapi, mnaishi wangapi? Umeandika kama vile sisi ni majirani zako.

Nondo12
Pagale, hata usiumize kichwa. Nyumba ikishapigwa plasta na rangi unanunua sura tu. Tofali ni za aina gani, nguzo zimemwagwa vizuri au la, huoni. Pagale unalikagua tofali kwa tofali. Ila nenda na fundi wako, siyo fundi wa muuzaji.

Mtoto_wa_Tandika
@Nondo12 na kulimalizia je? Madirisha, vigae, umeme, shimo la choo, uzio. Mtaani kwetu yapo mapagale ambayo mibuyu ya jirani imekua ikayapita.

Roshani
Naomba niongelee fleti, maana wengi mnaipamba. Nilinunua moja katikati ya jiji, jengo silitaji. Mwanzo raha tupu: mlinzi getini, kazini naenda kwa miguu. Kisha pampu ya kupandisha maji ikaungua. Tukaitisha kikao, tukaja wachache. Wamiliki wengi hawakai pale, wamepangisha. Mmoja yuko nje ya nchi, mwingine amefariki na warithi wanavutana. Wapangaji wanakwambia nimeshalipa kodi yangu, pampu hainihusu. Yule wa chini kabisa akasema maji ya DAWASA yanamfikia bila pampu, achangie ya nini? Ikawa sisi wa juu tunalipa vijana watupandishie madumu. Aliyekabidhiwa michango akauza fleti yake, akahama na daftari. Baadaye lifti nayo ikasimama. Nilipotaka kuuza, mnunuzi akaomba hati ya fleti yangu. Haipo! Hati ni moja ya jengo zima, kwa jina la aliyejenga. Mpaka leo naishi humo humo.

Wakili_wa_Mtaani
Pole @Roshani. Hilo lina sheria yake tangu 2008: jengo linasajiliwa, kila mmiliki anapata hati ya sehemu yake, na kunakuwa na chama cha wamiliki kinachosimamia ngazi, paa, pampu na michango. Shida ni kwamba wajenzi wengi wanauza kwa mkataba tu. @Kisiki_Kikavu muulize wa Sinza swali hilo kabla ya kuuliza bei. Akianza kusema "inashughulikiwa", rudi kwako.

Kisiki_Kikavu
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Nina milioni 95 taslimu, sehemu yake kiinua mgongo cha mzee. Kazini kwangu ni Posta, katikati ya jiji. Mke, watoto wawili, na mama anahamia kwetu, magoti yanamsumbua. Sinza haina lifti. Goba kuna karatasi za serikali ya mtaa tu. Kigamboni hati ipo, ila jina ni la marehemu kaka yake muuzaji.

MamaChanja
Mama wa magoti, ghorofa ya nne, bila lifti! Na hilo ndilo ulilotuficha.

Wakili_wa_Mtaani
Kigamboni: kama muuzaji hajateuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi, hana cha kukuuzia. Akionyesha uteuzi, bado fanya upekuzi wa hati ofisi ya ardhi. Goba: kama muuzaji ana mke, mke asaini. Nyumba ya ndoa haiuzwi kimyakimya, Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi.

Mzee_wa_Kiluvya
Na uulize hifadhi ya barabara. Mwaka 2017, Kimara mpaka Kiluvya, nyumba zilibomolewa zaidi ya mita 120 kila upande wa barabara. Watu walikuwa na karatasi za mtaa zenye mihuri mizuri kabisa.

Pwani_Mombasa
Ndugu zangu wa Bongo mwaogopa sana. Kwetu Mombasa, Majengo na Kisauni, kuna nyumba bila ardhi. Nyumba yako, ardhi ya mwingine, kila mwezi walipa kodi ya ardhi, na watu wauziana miaka nenda miaka rudi. Babu yangu alizaa na kuzeeka humo.

Nondo12
@Pwani_Mombasa na mwenye ardhi akiuza?

Pwani_Mombasa
Hapo ndipo kesi zaanzia, sikatai.

Mtoto_wa_Tandika
Mimi nasema Goba. Ila serikali ya mtaa watakuomba asilimia kumi ya bei.

Wakili_wa_Mtaani
Hiyo asilimia kumi haina sheria.

Mtoto_wa_Tandika
Haina sheria lakini ina muhuri. Bila kulipa, barua huioni.

Roshani
Kuna kodi ya majengo pia, siku hizi inakatwa kwenye LUKU, ukinunua umeme.

MamaChanja
Anayekatwa ni mpangaji, mwenye nyumba yuko kwake anakunywa chai. Lakini huo ni uzi mwingine.

Kisiki_Kikavu
Jumamosi naenda Goba na fundi. Kigamboni nimempigia muuzaji, anasema mirathi "wanaelewana kifamilia". Halafu dalali wa Goba anataka tena elfu ishirini ya kuonyeshwa nyumba, wakati nilishaiona!

Nondo12
Elfu ishirini kuona nyumba ileile? Usimpe. Mpigie mwenye nyumba.

Mtoto_wa_Tandika
Namba ya mwenye nyumba anayo dalali.

Mzee_wa_Kiluvya
Mvua ikinyesha Ijumaa ndiyo uende. Goba ina mabonde, utaona maji yanapita kwa nani.