Majirani wa Kiseke: anatafutwa mwalimu wa Bobi

Mama Neema: Habari za jioni jamani. Shikamooni wakubwa. Nani anamjua mtu wa kufundisha mbwa hapa Mwanza? Ni huyu Bobi wa mume wangu. Mwenyewe yuko Ukerewe kikazi, mimi na mbwa wake tumeshindwana.

Baba Kelvin: Hatimaye! Jana kamtoa Kelvin mbio kutoka dukani mpaka getini kwangu. Ndala moja mpaka sasa haijulikani ilipo.

Mama Neema: Pole baba Kelvin, ndala nitalipa. Hajamng'ata lakini?

Baba Kelvin: Hapana. Ila kijana amegoma kutumwa dukani, na naona sababu ameipenda 😂

Dada Asteria: Siku akimng'ata mtoto, hata kama ni mchubuko tu: maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo. Msingoje kuona kama mbwa ataumwa. Bobi amechanjwa kichaa?

Mama Neema: Kadi ipo, ya mwaka huu.

Juma Boda: Mfungeni mnyororo kutwa, usiku mnamfungulia. Mbwa kazi yake kulinda.

Dada Asteria: Juma, mbwa wa kufungwa kutwa ndiye anazidi kuwa mkorofi. Mama Neema, anafanyaje hasa?

Mama Neema: Bodaboda ikipita anabweka mpaka povu. Mvua ikipiga bati anajibana nyuma ya pipa la maji, anatetemeka, mkia kaubana miguuni. Nikitoka anakwangua mlango, rangi ya chini yote imeisha. Mgeni akiingia ananguruma huku anarudi nyuma.

Dada Asteria: Hapo kwenye kurudi nyuma. Huyo si mkali, ni mwoga, anaomba watu wamwachie nafasi. Na msimpige kwa kunguruma, mtamfundisha kung'ata bila kutoa taarifa.

Mzee Masanja: Kuna kijana Buswelu, anamchukua wiki mbili anakurudishia amenyooka. Fimbo yake si ya mchezo.

Dada Asteria: Shikamoo babu. Kwa heshima yako, huyo hapana. Mbwa mwenye hofu ukimchapa anaongeza hofu. Atatulia mbele ya fimbo, akirudi kwa Mama Neema asiye na fimbo tunaanza upya.

Mzee Masanja: Marahaba mjukuu. Sisi tulikuwa tunachapa na walilinda vizuri tu.

Baba Kelvin: Babu, wa kwako alimng'ata mjumbe 😂😂

Mzee Masanja: Mjumbe aliingia bila hodi.

Mama Salome: Nyakato yupo baba mmoja mstaafu, alikuwa Kikosi cha Mbwa na Farasi cha polisi. Alimfundisha wa kaka yangu. Anakuja nyumbani, mbwa habebwi. Ila hakubali kazi kama mwenye mbwa hayupo.

Dada Asteria: Huyo anaeleweka. Muulizeni tu swali moja: mbwa akikosea, unamfanyaje? Akitaja kipigo, mshukuruni aende. Na kabla hajaja, Bobi apelekwe kwa daktari wa mifugo aangaliwe masikio, kupe, maumivu. Mbwa anayeumwa huwa na hasira, mafunzo hayatamsaidia.

Baba Neema: Nimesoma yote. Bobi hana tatizo. Nikiwepo mimi anatulia kabisa.

Mama Neema: Umeamka? Anatulia kwa sababu unamlisha sangara mezani!

Mama Salome: Shemeji, ndiyo maana mwalimu anakutaka wewe. Unarudi lini?

Baba Neema: Jumamosi na meli ya Nansio.

Mama Salome: Basi namwambia Jumapili saa kumi jioni.

Dada Asteria: Safi. Kwa sasa, Mama Neema, nunua dagaa wakavu wasio na chumvi. Simama naye mbali na barabara, pale anapoiona bodaboda lakini bado hajabweka. Ikipita, dagaa. Ikishapita, hakuna. Akibweka, mmesogea karibu mno, rudini nyuma. Mnasogea kidogokidogo, wala si kazi ya siku moja.

Mama Neema: Barabara ya huku kwetu zinapita kwa kubahatisha, nitashinda pale nje.

Dada Asteria: Juma si yupo? Apite taratibu, arudi, apite tena.

Juma Boda: Sawa, ila mafuta ya nani?

Mama Neema: Ya Baba Neema.

Baba Neema: 🙄 Juma tuma namba.