Fishi (kadi ya mgonjwa) imeandikwa "aleji: karanga, amoksisilini". Inapimwaje kweli? (Lubumbashi)

nesi_Katuba

Wakubwa, habari za kazi. Mtoto wa miaka 5, kilo 18. Kwenye fishi yake kuna maneno mawili ya wino mwekundu: karanga, amoksisilini. Karanga: akiwa na mwaka mmoja na nusu alilambishwa karanga za kusaga, na ndani ya nusu saa akavimba vipele vya mwasho na kutapika mara mbili. Amoksisilini: siku ya 5 ya dawa, akiwa na homa na mafua, alitoka madoadoa mekundu yasiyowasha, yakaisha yenyewe. Tangu hapo sombe (majani ya muhogo) ya nyumbani inapikwa bila karanga, na akiugua anaandikiwa erithromisini tu, antibiotiki nyingine. Je, kumpima kwa kumlisha na kumnywesha chini ya uangalizi kunafaa kituo cha afya, au ni lazima lopitali kubwa? Naomba vipimo kamili, tafadhali.

dokta_watoto_Lshi

Yaya, hizo ni kesi mbili, usizifanye siku moja. Ukimpa vyote asubuhi hiyo hiyo na ngozi ikachafuka, utaandika nini kwenye fishi?

Anza na amoksisilini. Madoadoa ya siku ya 5 katikati ya mafua mara nyingi ni ya virusi vyenyewe. Montréal walipima watoto 818 waliodhaniwa kuwa na aleji hiyo, matokeo yakatoka 2016: karibu 94 kwa kila 100 walikunywa dawa bila tatizo. Dozi yao ilikuwa mg 50 kwa kilo, isizidi gramu 1.5. Unampa sehemu ya kumi, unasubiri dakika 20, unampa iliyobaki, kisha anakaa mbele ya macho yako saa 1 angalau. Kilo 18 ni mg 900. Siro ya mg 250 katika ml 5 inakupa ml 1.8, halafu ml 16.2. Tikisa chupa kila mara: unga ukituama chini, dozi ya kwanza inakuwa maji matamu na ya pili inabeba mzigo wote. Mama aendelee kuangalia ngozi wiki nzima, kwa sababu vipele vya kuchelewa vipo.

Kituo chenye adrenalini (sindano ya kuokoa maisha aleji ikiwa kali), oksijeni na mtu anayejua kuzitumia kinaweza kufanya hiyo. Karanga hapana. Vipele na kutapika ndani ya nusu saa ni aleji mpaka ionekane vingine. Hiyo ni ya lopitali, mtoto ameshawekewa njia ya mshipa, na daktari hatoki chumbani. Wakiweza kumchoma ngozi kidogo kwanza kupitia tone la karanga, na jingine la maji ya chumvi la kulinganishia, kipimo kinasomwa baada ya dakika 15. Uvimbe unaozidi ule wa maji ya chumvi kwa mm 3 unaonyesha tu kwamba mwili unaitambua karanga. Ukifika mm 8 kwa mtoto mwenye historia kama hii, mimi simlishi kabisa.

jiko_la_dozi

Kwa watakaofanya ya karanga, tatizo huwa mizani. Hatua zinazotumika sana ni mg 3, 10, 30, 100, 300, 1000 na 3000 za *protini*, kila moja baada ya dakika 20 hadi 30. Karanga ina protini kama robo ya uzito wake, kwa hiyo mg 3 ni mg 12 za karanga, na hakuna mizani ya soko inayoona hiyo. Chukua gramu 4 za karanga zilizokaangwa na kusagwa laini, bila chumvi wala sukari, koroga na uji mwepesi hadi jumla ifike ml 100. Kila ml 1 ina mg 10 za protini. Unampa ml 0.3, 1, 3, 10, 30. Baada ya hapo anakula yenyewe: gramu 4, kisha gramu 12. Koroga kabla ya kila kipimo, mafuta hupanda juu.

Usitumie karanga za kuchemsha. Maji ya kuchemshia huondoka na sehemu ya protini, basi mtoto anafaulu lopitali halafu anaanguka nyumbani kwa zile za kukaanga. Paka vaselini kuzunguka midomo, la sivyo wekundu wa kugusa tu utakusimamisha bure.

Mwasho wa mdomo peke yake: subiri, rudia dozi ile ile. Vipele vya mwasho mwilini, kutapika, sauti kukwaruza, kikohozi kisichokatika, au mtoto mchangamfu kunyamaza ghafla na kutaka kulala: simama hapo hapo. Hilo la mwisho watu hulipuuza, wanasema amechoka.

dharura_usiku

Kabla ya kijiko cha kwanza, andika dozi ya adrenalini ukutani. Ampuli ya mg 1 kwa ml 1, mg 0.01 kwa kilo: huyu ni ml 0.18, ndani ya msuli wa paja upande wa nje. Sirinji ya ml 1 na sindano ya mm 25. Sirinji ya insulini inapima vizuri, lakini sindano yake ni fupi, haifiki kwenye msuli. Ampuli iliyogeuka rangi ya waridi au kahawia, tupa. Mlaze, miguu juu. Akihema kwa shida akae, ila asisimamishwe wala kutembezwa. Dakika 5 bila nafuu, rudia. Haidrokotisoni na fenergani si dawa za kuanzia, hata kama mikono imezizoea.

nesi_Katuba

Asanteni sana. Mama anasema mtoto ana kikohozi kidogo wiki hii, anampa siro. Tuendelee na amoksisilini Jumatatu?

famasia_Kenya

Hapana, dada. Kwanza soma karatasi ya hiyo siro: nyingi zina klorofeniramini au prometazini (ndiyo fenergani), dawa za kutuliza aleji, na hizo zinaficha vipele. Siku 7 bila dawa yoyote ya aina hiyo, hata setirizini. Pili, mtoto anayekohoa hapimwi: hutajua kikohozi ni cha dawa au cha mafua. Angekuwa na pumu isiyotulia ingekuwa marufuku kabisa.

Tena muulize mama swali moja ambalo sijaliona hapa: siku zile, je, mdomo ulitoka vidonda, macho yalikuwa mekundu, ngozi ilichubuka au kutoa malengelenge? Ikiwa ndiyo, dawa hiyo hairudishwi hata tone, hata kwa kipimo. Ndivyo ilivyo pia kwa kotrimoksazoli (antibiotiki) na nevirapini (dawa ya VVU) zikishaleta hali hiyo.

Na akifaulu, usiishie kumwambia kwa mdomo. Kata neno "amoksisilini" kwenye fishi kwa mstari mmoja, andika tarehe, "amekunywa mg 900, hakuna kitu", weka sahihi. La sivyo atakayempokea usiku ataona wino mwekundu na kurudi kwenye erithromisini.