Motion, motionEye au ZoneMinder kwa kompyuta yenye RAM ya GB 1?

Mwanzilishi wa mada
Ninayo kompyuta mpakato ya zamani yenye prosesa ya biti 32, ambayo nakusudia kuiweka stoo ili isimamie kamera tatu za USB za dukani. Nimesakinisha antiX, Linux nyepesi inayotokana na Debian, kwa sababu Debian 13 yenyewe, iliyotoka mwaka 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Naomba ushauri kuhusu programu ya kurekodi.

Mchangiaji wa kwanza
ZoneMinder ni nzuri kwa mwenye kamera nyingi anayetaka kupekua kumbukumbu za siku zilizopita, lakini inahitaji hifadhidata (MariaDB au MySQL), seva ya wavuti na lugha ya PHP kabla hujaona hata picha moja. Kwa RAM hiyo utaitesa mashine bure.

Mchangiaji wa pili
Chagua Motion. Hufanya kazi chinichini bila dirisha lolote, na huanza kurekodi pale idadi ya pikseli zilizobadilika inapozidi kiwango ulichoweka. Kiwango chake cha awali ni pikseli 1,500, ambazo kwa picha ya 640x480 hazifiki hata asilimia moja. Kwa hiyo pazia linalopeperushwa na feni linatosha kukujazia diski usiku kucha. Pandisha kiwango hicho, au chora faili la barakoa linalofunika eneo la pazia. motionEye ni ukurasa wa kuiendeshea Motion kwa kivinjari. Iongeze baadaye ukihitaji kutazama kwa simu.

Mwanzilishi wa mada
Nimeweka Motion. Kamera mbili zinafanya kazi, ila ya tatu inakataa kwa ujumbe kwamba hakuna nafasi kwenye kifaa, ilhali diski haijafika hata nusu.

Mchangiaji wa tatu
Ujumbe huo umewapotosha wengi. Nafasi iliyokwisha ni ya njia ya USB, si ya diski. Picha ya YUYV, yaani isiyobanwa, hutumia baiti 2 kwa kila pikseli, yaani baiti 614,400 kwa fremu moja ya 640x480. Kwa fremu 30 kila sekunde, kamera moja hupitisha takriban megabiti 147. USB 2.0 ina megabiti 480 tu, tena si zote zinazotengewa kamera. Endesha `v4l2-ctl --list-formats-ext` kwa kila kamera. Ukiona MJPG, yaani picha zilizobanwa, chagua palette namba 8 (MJPG) kwenye mipangilio ya Motion na ushushe fremu hadi 5. Kwa kamera yenye YUYV pekee, pakia `uvcvideo` (kiendeshi cha kamera za USB) kwa `quirks=128` ili isijitengee nafasi kubwa kuliko inayohitaji, kisha punguza ukubwa wa picha.

Mchangiaji wa pili
Naongeza kwamba usitegemee majina kama `/dev/video0` ambayo mfumo huzipa kamera, kwani umeme ukikatika na kurudi, kamera ya mlangoni yaweza kuamka ikiwa na jina la kamera ya nyuma. Tumia njia zilizo ndani ya `/dev/v4l/by-path`, ambazo hufuata tundu la USB ilikochomekwa kamera. Zile za `by-id` huchanganyikiwa iwapo kamera zako ni za aina moja na hazina namba za utambulisho.

Mwanzilishi wa mada
Mbili zilikuwa na MJPG, na ya tatu nimeishusha hadi 320x240. Zote zinarekodi. Kamera ya nyuma haioni kitu usiku, hivyo nimeacha taa ikiwaka. Sasa ninachora barakoa ya rafu anayolala paka.