Tupeane uzoefu: ni msimu upi wa mwaka unaokutuliza akili, na upi unaokulemea?

Mkazi wa Cheyo, Tabora
Wanajamvi, salaam. Juzi nikirudi kutoka Sikonge niliona miyombo imeanza kutoa majani yake mekundu ilhali ardhi bado ni vumbi tupu na mvua hazitarajiwi hadi Novemba, nikakumbuka mwaka niliopunguzwa kazi, nilipokuwa nalala mchana, nakesha usiku, na kumwachia mke wangu kibarua cha kuwaambia wageni kwamba nimesafiri. Mjomba wangu, ambaye si mtu wa maneno, alianza kunipitia alfajiri twende kukagua mizinga yake ya asali. Hakunihoji. Alinipa kamba nibebe na kunionyesha mti upi utachanua kwanza, na baada ya muda usingizi ukarudi usiku, mahali pake. Tabibu mmoja alinieleza baadaye kwamba mwanga wa asubuhi ndio unaoupangia mwili saa zake za kulala na kuamka. Wenzangu, ninyi mlisaidiwa na nini?

Mama wa Isevya
Umenena, kaka. Kwangu ni mvua ya kwanza, na watoto wakiokota kumbikumbi chini ya taa ya barazani.

Binti wa Urambo
Naomba kutofautiana nanyi kwa heshima. Sisi tuliolelewa kwenye tumbaku hatuioni Novemba kuwa mapumziko, kwa sababu ndiyo miezi ya jembe, ya deni la pembejeo, na ya kuamka usiku kusikiliza kama mvua iliyoanza itaendelea au itakatika miche ikiwa imeshahamishiwa shambani. Anayekwenda porini kutembea hurudi amepumzika. Anayekwenda kukata kuni za kukaushia tumbaku hurudi na mgongo unaouma. Nafuu yangu mimi ni Juni, palizi imekwisha, karanga zimeshaingia ndani, na usiku una baridi ya kujifunika blanketi.

Mkazi wa Cheyo, Tabora
Dada, hakuna aliyesema jembe ni dawa.

Binti wa Urambo
Hakusema mtu, lakini kila anayesifu masika huwa hana shamba.

Mzee wa Ng'ambo
Mimi ninalo shamba na ninayasifu masika. Tuendelee.

Mvuvi wa Kibirizi
Sikupanga kuandika, ila hilo la msimu unaolemea limenigusa. Sisi wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika tunaishi kwa giza: taa huwavuta dagaa mwezi usipokuwepo, na mbalamwezi ikikolea tunapumzika nchi kavu. Usiku mmoja wa giza, mwanzoni mwa masika, tukiwa mbali hata taa za mjini hazionekani, upepo ulitugeukia wavu ukiwa bado uko chini. Taa zilizimika moja baada ya nyingine. Mdogo wangu, aliyekuwa akivuta kamba upande wa mbele, alichotwa na wimbi, nami nikamdaka kwa ukosi wa koti nikiwa nimelala kifudifudi juu ya mbao, nikihisi kitambaa kikifumuka uzi kwa uzi hadi wenzangu walipomshika mikono.

Tulirudi wote wazima. Hata hivyo, tangu siku hiyo sikuweza kulala bila redio kuwa imewashwa, kwa kuwa nyumba yetu iko karibu na maji na kila wimbi lilinirudisha pale. Kazini nilikwenda nikitetemeka, na siku za mbalamwezi nilizimalizia kwenye pombe. Uvuvi ziwani ulipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, wengi tuliumia mfukoni, lakini kwangu ilikuwa mara ya kwanza ziwa lisinidai kitu. Nikawa nakwenda asubuhi kukaa mchangani, kwanza mbali, kisha karibu, hadi nikaweza kuingiza miguu. Nilikwenda hospitali pia, msije mkadhani nasema maji yaliniponya peke yake. Siku hizi mbalamwezi ikifika ninapanda kwa shemeji yangu kumsaidia kuvuna chikichi.

Sauti ya Gungu
Subhanallah! Mtumbwi ulikuwa na mashine ya nguvu ngapi? Na mlikuwa mmevaa maboya?

Fundi wa Ujiji
Upepo wa namna hiyo una wenyewe. Wazee wetu wasingeingia majini usiku ule.

Mwalimu Mstaafu
Upepo wa namna hiyo una mawingu, Fundi, na anayeyasoma huyaona mapema. Mwenzenu ameeleza hofu iliyomnyima usingizi, ninyi mnauliza nguvu za mashine.

Sauti ya Gungu
Shikamoo mwalimu. Nauliza kwa sababu kaka yangu naye yuko majini usiku huu.

Fundi wa Ujiji
Basi tumwombee. Ila watu wa Tabora nawahurumia, maana akili ikichoka hawana ziwa, wana bwawa la Igombe.

Mzee wa Ng'ambo
Tuna asali, na mnaifuata kwetu.

Fundi wa Ujiji
Ya Kibondo umeisahau, mzee?

Muuguzi, Kigoma Mjini
Naomba niongeze la kazini kwangu. Kutembea asubuhi, kulima bustani na kukaa ufukweni vinasaidia, lakini mtu aliyekosa raha na hamu ya mambo aliyoyapenda kwa wiki 2 au zaidi, halali wala hali vizuri, huenda ana sonona na anahitaji kuonwa na mtaalamu. Akianza kuzungumzia kujidhuru, msimwache peke yake na msimshauri akapunge upepo ziwani. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Mama wa Isevya
Na anayechukia joto la Oktoba afanye nini? Mimi mwezi huo humkaripia kila mtu.

Binti wa Urambo
Amka saa kumi na moja, maliza kazi zako kabla jua halijakali, kisha ukae chini ya mwembe usiseme na mtu.

Mzee wa Ng'ambo
Usimsikilize. Ukikaa kimya ndipo hasira inapoiva. Njoo ubishane na sisi.

Mvuvi wa Kibirizi
Dada muuguzi, nina swali. Mdogo wangu, yule aliyeanguka, hajalitaja jambo lile hata mara moja na anavua kama kawaida. Je, nimwache?

Muuguzi, Kigoma Mjini
Usimlazimishe asimulie. Mwulize tu analalaje, mkiwa mnashona nyavu au mna shughuli nyingine mikononi, kisha umsikilize. Akikubali, njooni kliniki wote wawili.

Fundi wa Ujiji
Amwulize mbalamwezi ikifika, wakiwa nchi kavu.

Sauti ya Gungu
Asingoje mbalamwezi, bado ni siku nyingi. Amwulize kesho.