Narudi kwenye pikipiki baada ya miaka mingi, nichukue ipi ya milimani na porini?

Mzee_wa_Kiboriloni

Wakuu habari za Jumapili. Niko Moshi, umri 47, kilo 93, urefu sentimita 168 (sio mrefu, msinicheke). Zamani nimeendesha sana Yamaha DT 125 ya ofisini kwa mzee wangu alikuwa bwana shamba, baadae nikawa na yangu, afu maisha yakaingilia kati, ndoa, watoto, gari, basi pikipiki nikaiacha kabisa. Sasa watoto wamekua na nimeanza kuwashwa. Sitaki ya kwenda nayo kazini, nataka ya wikiendi, njia za miguu huko Upare, Usambara kule Lushoto mpaka Mtae, na mara mojamoja West Kilimanjaro kuelekea Longido. Sio mashindano, sina haja ya kuruka vichuguu.

Bajeti ipo ya kutosha mtumba mzuri, sio mpya ya bei mbaya. Mpaka sasa nimeona tatu:

Kuna mgeni mmoja anaondoka nchini anauza Yamaha YZ250F, kali sana, safi, bei ya kutupa. Kuna Honda XR250 Baja ya kutoka Japani, ile yenye mataa mawili makubwa ya duara. Na kuna Honda XR150L, zile za mashirika, imetumika kidogo.

Moyo uko kwenye YZ kusema ukweli. Mke anasema ninunue baiskeli. Naombeni ushauri.

FundiCheni

Mkuu YZ usiiguse. Na sisemi ni mbaya, ni mashine nzuri mno ila ni ya uwanjani, imetengenezwa mtu aikimbize nusu saa afu aishushe kwenye stendi fundi aifungue. Injini yake service inahesabiwa kwa masaa sio kilomita, oili inamwagwa kila baada ya masaa machache, pistoni na valvu zina masaa yake, na ukizembea unanunua injini. Haina taa, haina saitimira, haina hata pa kufunga namba, kwaiyo ukitoka Moshi kwenda Same unaibeba kwenye pikapu la sivyo trafiki wa kwanza tu mnaanza mazungumzo. Gia zake zimekaribiana, ya kwanza ni ndefu, sasa wewe unapanda njia ya mawe kule Upare mwendo wa kutembea unabaki unachezea klachi mpaka inaungua. Na tairi ya nyuma ni inchi 19, hizi za njia za porini ni 18, nenda kaulize maduka ya Moshi hiyo 19 uone.

Afu kiti. Kile kinapita sentimita 95 kutoka chini. Wewe sentimita 168. Piga hesabu mwenyewe.

Hiyo "bei ya kutupa" ndo ikushtue, muulize ina masaa mangapi tangu pistoni ibadilishwe, akianza kukuna kichwa umeshapata jibu.

Mzee_wa_Kiboriloni

Fundi umenivunja moyo asubuhi asubuhi 😂 Ila kuhusu urefu si mtu unazoea? Enzi zile DT nilikuwa nagusa kwa vidole tu na nilipita popote.

dada_wa_fildi

Kaka shikamoo kwanza. Mimi nafanya kazi za miradi Same, pikipiki ndo ofisi yangu, na mimi mfupi kuliko wewe kwaiyo hili la urefu naliongea nikiwa nalijua.

Kwenye lami na barabara ya vumbi iliyonyooka kugusa kwa vidole sio shida. Shida ni njia ya mlimani yenye mteremko wa pembeni, unasimama sababu mbele kuna jiwe au mtu na punda wake, unashusha mguu upande wa bondeni, na ardhi haipo pale ulipoitegemea, ipo sentimita 20 chini zaidi. Hapo pikipiki inalala na wewe. Ukiwa na miaka 20 unacheka unainuka, ukiwa na 47 goti linakaa wiki tatu. Kwaiyo usiangalie namba ya kiti peke yake, kaa juu yake na uzito wako wote na hizo buti utakazovaa, sababu shokapu laini zinashuka sana ukikaa, ngumu hazishuki. Hiyo Baja kiti chake kipo juu lakini inazama vizuri. Hiyo YZ imefungwa kwa mtu anayeruka, kwa mwendo wetu haizami kihivyo.

Jaribio langu mimi kabla mtu hajanunua ni hili: ilaze pikipiki kwenye majani, upande wa kushoto afu wa kulia, uiinue peke yako. Ipe mgongo, chuchumaa, mkono mmoja kwenye hendeli mwingine shika chesisi ya nyuma, rudi nyuma kwa miguu, usivute kwa mgongo. Ukiweza mara moja pumzika dakika moja urudie, afu urudie tena. Maana porini haitaanguka mara moja tu, na ile ya mwisho itakuwa saa kumi jioni umeshachoka na maji yameisha.

Mimi natumia Honda XL 125 ya zamani na sijawahi kuitamani yenye nguvu zaidi nikiwa mlimani. Barabarani ndo naitamani, hasa basi likiwa nyuma yangu.

NduthiKE

Niaje watu wangu wa Bongo. Mimi niko Nairobi, tunapiga Ngong, Suswa na kushuka Magadi. Nakubaliana na fundi hiyo YZ ni ya track lakini mmemnyima mzee option moja, two stroke (ile injini inayochoma oili pamoja na petroli) ya enduro, yaani ya njia za porini. Kama KTM 300 EXC. Ni nyepesi, taa iko, stata iko, gia ya kwanza inapanda ukuta, na engine haina valvu za kupima kama hizi four stroke, pistoni unabadilisha kwa garage ya nyumbani na zana za kawaida. Huyu alikuwa wa DT, two stroke iko kwa damu.

FundiCheni

@NduthiKE kaka nyie Nairobi mna maduka na mna watu wa kuagiziana spea. Huku Moshi akivunja lever ya klachi ya KTM anasubiri parseli. Na 2T, ile oili ya kuchanganya na petroli, sasa hivi bodaboda karibu zote ni four stroke, vijijini hiyo oili hakuna anayeuza, labda umkute mpasua mbao wa chainsaw akugawie yake. DT alikuwa anamimina oili kwenye tangi lake pembeni pampu inachanganya yenyewe, hizo EXC za kabureta unachanganya mwenyewe kwenye dumu kila ukijaza. Na 300 sio pikipiki ya mtu anayerudi, ukishtuka ukavuta moto kidogo inakutangulia kufika.

NduthiKE

Hapo kwa spea umenimaliza sina jibu. Lakini huo moto wa 300 ni mpole kuliko mnavyofikiria, ni torque ya chini, inavuta engine ikizunguka polepole, si ati ya kulipuka. Anyway mzee, XR250 basi. Hata huku watu wanazipenda.

Mzee_wa_Kiboriloni

Sawa YZ nimeiaga (kwa uchungu). Sasa tubaki Baja na hiyo 150. Naogopa 150 itakuwa dhaifu kwa kilo zangu, na nasikia kule juu injini zinapoteza nguvu.

FundiCheni

Zinapoteza kweli, hewa inakuwa nyepesi, kwa makisio kila mita 1,000 unazopanda injini inaacha kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Moshi mpo kama mita 900 hivi, Lushoto 1,400 na kitu, ukipandisha kule Upare kuelekea Shengena ambako kilele kinapita 2,400 utaiona. Za kabureta zinaanza pia kula mafuta mengi kuliko hewa, plagi inakuwa nyeusi, hapo ndo watu wanalalamika pikipiki imechoka kumbe ni jeti, kile kitundu cha kupitisha petroli kwenye kabureta. Kama utazunguka sana huko juu fundi akuwekee jeti ndogo kidogo, ila ukishuka Korogwe usiikimbize hivyo muda mrefu kwenye joto.

XR150L sio mbovu hata kidogo. Injini ya hewa, hakuna rejeta ya kupasuka, kiki ipo na stata ipo, kiti sentimita 82 na nusu, tangi lita 12. Ila ijue ilivyo: tairi ya mbele ni inchi 19 na ya nyuma 17, wakati za porini hasa ni 21 mbele na 18 nyuma. Hiyo 21 inapanda juu ya jiwe na mzizi pale ambapo 19 inagonga na kusimama. Shokapu nazo ni fupi, kwa kilo 93 na mawe ya Mtae zitagota. Ukitaka ndogo yenye matairi sahihi tafuta Yamaha XTZ 125, ina 21 na 18, lakini hapo nguvu ndo utalia kweli.

Kwa uzito wako na njia ulizotaja mimi ni Baja. Ina nguvu ya kwenda barabarani mpaka Mombo bila kuona aibu, na ukiitunza inakaa. Yale mataa mawili ni mazito na ukidondoka ndo ya kwanza kupasuka, wengi wanayatoa wanaweka taa moja ndogo, maamuzi yako. Kiti ukiona bado juu, fundi viti anapunguza sponji kidogo, usianze kukata springi.

dada_wa_fildi

Nakubali Baja, ila kwa sharti la kuiinua. Na pesa usimalize yote kwenye pikipiki tafadhali. Buti ndefu ngumu za kufika karibu na goti, kinga ya magoti, helmeti yenye kidevu kirefu cha mbele. Mtu akirudi anakumbuka mkono ulivyokuwa, hakumbuki kwamba mifupa imezeeka na yeye. Mwezi wa kwanza zunguka mashamba tu, jifunze tena kusimama kwenye vikanyagio, magoti yabane tangi, mikono ilegee. Mikono ikikaza unachoka kabla ya njia kuanza.

Mzee_wa_Kiboriloni

Dada marahaba, nimekuelewa. Naenda kuiona Jumamosi. Fundi niangalie nini? Na upepo wa matairi?

FundiCheni

Mwambie asiiwashe kabla hujafika. Ukifika gusa injini, ikiwa ya moto jiulize kwanini ameipasha. Washa ikiwa baridi, angalia moshi, wa bluu usioisha ni ringi au sili za valvu. Inyanyue tairi la mbele, zungusha usukani taratibu, ukikwama katikati kama una kijishimo beringi za shingo zimeisha. Shika tairi la nyuma ulitikise kushoto kulia, likicheza ni bushi za ule mkono unaolishika. Gonga spoku moja moja kwa spana, ilegeayo inatoa sauti ya kufa. Shokapu za mbele zikiwa na mstari wa oili, sili zimeenda, sio kitu kikubwa ila shusha bei. Fungua boksi la hewa utoe filta, ukikuta vumbi upande wa ndani wa filta ondoka, hiyo injini imekula mchanga. Wewe ukiichukua, kila ukitoka West Kilimanjaro filta ioshwe, ikauke, ipakwe oili yake, lile vumbi ni unga.

Upepo porini shusha mpaka psi 15 hivi, usizidi kushuka kwa kilo zako utabana tyubu kwenye mawe, na ukirudi lami uongeze. Beba tyubu, pampu na vile vyuma vya kutolea tairi.

Na namba ya chesisi kwenye shingo ilingane na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Hailingani, hata iwe mpya namna gani, panda daladala rudi nyumbani.

dada_wa_fildi

Kingine, hifadhi za taifa pikipiki haziruhusiwi, na msitu wa Chome huko Upare uliza kwanza ofisi ya msitu kabla hujaingia na kitu chenye injini. Ukiwa tayari uje kabla vuli haijaanza, mwezi wa tisa ni mzuri. Ule udongo mwekundu ukilowa hata Baja inakuwa sabuni. Tutaanzia Same mapema, saa kumi na mbili na nusu, ulete na maji ya kutosha.

Mzee_wa_Kiboriloni

Pamoja sana. Jumamosi nikitoka kuiona naweka picha hapa, na ya kuiinua nitamwambia mke arekodi.