Hivi hawa wa ile sehemu ya maji wanatuona mazuzu??

Wakuu, sitaji jina, mnaijua wote, ile ya mitelezo ambayo kila Idi mnajazana na watoto mpaka maji yanabadilika rangi. Nimetoka huko sasa hivi, nachapa nikiwa kwenye bajaji na mikono inatetemeka.

Mwanangu kashinda kwenye lile joka la kutelezea mpaka vidole vimesinyaa, anataka kitu cha joka akawaringishie wenzake shule, haki yake. Tukaingia kile kiduka cha zawadi mlangoni. Twiga. Twiga, Mlima Kilimanjaro, Mmasai karuka, fulana ya Hakuna Matata, na kinyago ambacho Mmakonde halisi akikiona anahama ukoo. Joka hakuna! Hivi mle ndani kuna twiga? Mnyama pekee niliyekutana naye ni kunguru aliyeondoka na chipsi zangu. Na uko baharini hapo, unaniuzia mita 5,895 za Moshi za nini?

Nikamuuliza binti kistaarabu kabisa, mdogo wangu hakuna kitu cha hapahapa? Akashika kikombe cha twiga, akavuta droo, akatoa stika yenye jina la pale, akaibandika USONI KWA TWIGA huku namtazama, akaipuliza kama uji wa mtoto, akasema "hiki hapa mama, cha hapahapa, elfu ishirini na tano." Sekunde mbili kabla kilikuwa elfu kumi na tano!! Namwambia mbona nimekuona unabandika, ananijibu "wazungu huwa hawaulizi."

Wazungu huwa hawaulizi. Mimi mzaliwa wa Temeke naambiwa wazungu huwa hawaulizi, stika yenyewe kaibandika upande, twiga kabaki masikio tu. Stika elfu kumi jamani, imechapwa kwa damu ya nani?

Ngedere Mstaafu: Bila picha ya kikombe huu uzi ni umbea.

Mjukuu wa Chama: Mtoa mada jibu swali moja, ulinunua hukununua?

Mtoa mada: Mtoto alikuwa analia.

Mjukuu wa Chama: 😂😂😂 KANUNUA

Bwana Shamba Mjini: Binti apewe umeneja, kamaliza kiwanda kizima ndani ya droo.

Kibopa wa Mkopo: Disneyland ya Tokyo watu wanapanga foleni ya ndoo za bisi, wanazivaa shingoni, leo wahusika hawa kesho wengine. Bisi tu hizo! Sisi tuna joka zima tumeshindwa kulichora hata kwenye kiholda cha funguo.

Ngedere Mstaafu: Ulifika Tokyo lini na juzi uliniomba vocha

Wakili wa Kijiweni: Mnacheka fulana ya Hakuna Matata, ujue Disney waliisajili Marekani tangu 2003 kama alama yao kwenye fulana, watu wakaja kushtuka 2018 wakaanza kusaini petisheni. Maneno yetu, fulana yao.

Mtoa mada: Wakuu turudi kwenye STIKA. Aliipuliza!!

Rangi ya Baiskeli: Tatizo ni kuigana. Edward Tingatinga alianza kuchora 1968 na vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli, akafa 1972, leo zunguka vibanda vya picha mjini, tembo ni yuleyule, mbuyu uleule, hata ndege kakaa tawi lilelile. Nikiuliza naambiwa huyu ni tembo mwingine.

Shangazi Mkavu: Bora nyie mmefika dukani. Mimi getini walininyang'anya hotpoti, eti chakula cha nje marufuku, ndani sahani ya chipsi kavu bei ya gunia la viazi. Hilo ndo la kuanzishia uzi.

Mtoa mada: Shangazi anzisha wako

Bwana Shamba Mjini: Shangazi hotpoti unaipitisha wazi wazi? Sisi pilau ilikaa chini ya begi la pampasi, mlinzi kafungua kaona pampasi kafunga mwenyewe.

Kibopa wa Mkopo: Pampasi mpya au zilizotumika?

Bwana Shamba Mjini: Kuku alikuwa mtamu sana mkuu.

Shangazi Mkavu: Na kachumbari mliweka wapi?