Naomba ushauri: siku ya bibi arusi kwenye mashamba ya divai, twende Stellenbosch au Franschhoek?

Sista_BelAir
Habari zenu ndugu, yaya (wakubwa zetu) na mama zetu. Niko Lubumbashi na nimebeba kazi inayoninyima usingizi. Mdogo wangu, mtoto wa mama mkubwa, anaolewa. Arusi itakuwa huku L'shi, lakini yeye anaishi na kufanya kazi Cape Town. Nimechaguliwa kusimamia siku yake ya kuaga usichana. Tumekubaliana sisi dada zake tumfuate kule mwezi wa saba, tuko watano, tumtembeze siku nzima kwenye mashamba ya divai. Viza zimetoka. Sasa swali langu: ni Stellenbosch au Franschhoek? Nimeandika orodha ya mashamba sita. Je, tupande ile Franschhoek Wine Tram, au tukodi gari na shofere? Naomba mnijibu haraka, dada zangu wananipigia simu asubuhi na jioni wanataka programu.

Mwana_Katuba
Divai ya kule inakuja yenyewe hapa kwa lori, inapita mpakani Kasumbalesa, inafika mpaka dukani. Wewe unapanda ndege kuifuata! Nunueni katoni mbili, chomeni mbuzi, alikeni majirani. Mimi nitaleta viti.

Dada_wa_Cape
Karibu sana yaya, mimi niko huku. Stellenbosch ni kama kilomita 50 kutoka Cape Town. Franschhoek ni mbele zaidi, ukitokea Stellenbosch unavuka mlima kwa kama kilomita 30. Stellenbosch mashamba ni mengi na yametawanyika, bila gari hufiki popote. Franschhoek ni bonde dogo, na tram inasaidia: unachagua laini kwa rangi yake, unashuka shambani, unaonja, unapanda inayofuata. Ila mkiwa kundi, wekeni nafasi mapema, na kuonja mnalipa pembeni, kila shamba bei yake.

Sita ni mengi mno. Shamba moja linaweza kukuwekea divai tano. Mara sita ni thelathini, hata kama ni mimino midogo. Matatu yanatosha, na chakula cha kweli katikati. Msije na wazo la kuendesha wenyewe: sheria ya hapa ni chini ya gramu 0.05 za pombe kwa mililita 100 za damu, na polisi wanapima barabarani.

Bibi arusi mwenyewe anapenda divai gani? Nyekundu, nyeupe, au ya povu? Tukijua hilo, kuchagua shamba ni rahisi.

Papa_Mwalimu
Mabinti, kabla ya kwenda mjue mnakokwenda. Jan van Riebeeck aliandika kwamba divai ya kwanza ya Cape ilikamuliwa tarehe 2 Februari 1659. Stellenbosch ilianzishwa 1679 na Simon van der Stel, na ni huyo huyo aliyepewa shamba la Constantia mwaka 1685. Divai tamu ya Constantia ilimfikia hata Napoleon kwenye kisiwa cha Saint Helena. Franschhoek ni mahali walipopewa ardhi Waprotestanti waliokimbia Ufaransa, kuanzia 1688, ndiyo maana mtaona majina ya Kifaransa kwenye mageti na mtajisikia kama mko darasani kwa masista. Na msikose kuonja pinotage: mzabibu huo alizalisha profesa Abraham Perold pale Stellenbosch mwaka 1925, kwa kuunganisha pinot noir na cinsaut. Ni mtoto wa pale pale, haukutoka Ulaya.

Sista_BelAir
Asante Papa Mwalimu, asante Dada wa Cape. Sita nitapunguza mpaka manne. Tram wanaitaka kwa ajili ya foto, nguo tumeshashonesha, kitambaa ni kimoja kwa wote wanane. Swali lingine: kwa kuwa mwezi wa saba hakuna mvua, tunaweza kukaa nje kwenye majani siku nzima?

Mama_Kamalondo
Binti yangu, nimesoma nikanyamaza, lakini acha niseme. Wakati wangu, bibi arusi alifungiwa ndani na wamama. Tulikuwa na nachimbusa wetu, yaani mfundaji wa bibi arusi, mwanamke wa Kibemba kutoka upande wa Sakania, alitufundisha kukaa na mume, kukaa na wakwe, kutunza siri ya nyumba. Alikuwa mkali! Nilipiga deki chumba kile kile mpaka magoti yakachubuka, na akasema bado hakujang'aa. Leo nina wajukuu na bado ninayo sauti yake sikioni. Sasa ninyi mnamtoa bibi arusi nje kwenda kunywa. Atajifunza nini huko? Sikatazi furaha, lakini tengeni japo nusu siku mmoja wa wamama akae naye.

Dada_wa_Cape
Yaya, mwezi wa saba ni huko L'shi ndiko hakuna mvua. Huku ndio wakati wa mvua na baridi, mizabibu haina hata jani moja. Mavuno ni kati ya mwezi wa kwanza na wa nne, na foto za kijani unazoziona ni za wakati huo au kabla yake. Leteni makoti. Kukaa nje siku nzima msahau, tafuteni sehemu zenye moto ndani.

Na hujajibu: bibi arusi anapenda divai gani?

Sista_BelAir
Makoti tutaleta. Kuhusu bibi arusi, yeye si mtu wa kuchagua. Atafurahia mandhari, jibini, chokoleti. Kuna shamba la Waterford pale Stellenbosch, wanakupa chokoleti pamoja na divai. Nimelitia kwenye orodha kwa sababu yake.

Fundi_wa_Umeme
Samahani dada, mimi ni mwanaume ninapita tu. Umeulizwa mara mbili anapenda nini, umejibu jibini. Je, bibi arusi anakunywa?

Sista_BelAir
Kwa sasa hanywi.

Mwana_Katuba
Haaa! Arusi ina watu wawili na nusu! Hongera shangazi!

Sista_BelAir
Hapana, hana mimba, tafadhali msianze. Nitasema ili mniache tuendelee na programu. Tangu mwaka jana ameacha pombe kabisa. Alipoanza maisha kule peke yake alikunywa vibaya, tukajua kwa kuchelewa. Aligonga gari, akapoteza kazi ya kwanza, akalazwa. Sasa ana kazi mpya, ana mchumba mzuri anayejua yote, na kila wiki anakutana na kundi la watu walioacha. Amepona, namwona kwenye video, uso umerudi.

Lakini sikilizeni pia upande wangu. Kwanza, dada wengine wamechanga likelemba, mchango wetu wa kupokezana, mwaka mzima kwa safari hii na neno lao ni divai. Pili, avansi nimekwisha kutuma. Tatu, hata wataalamu hawamezi, wanatema, kuna chombo maalum mezani. Anaweza kushika glasi kwa foto na kutema, au asionje kabisa. Yeye ni mtu mwenye nguvu. Na nikibadilisha sasa, wote watauliza sababu, na wengine hawajui alichopitia. Ndiyo maana sikuandika mwanzoni.

Mama_Kamalondo
Eeh Mungu wangu.

Kasuku_243
Ndugu, mimi naona mnachezewa. Angalieni vizuri. Akaunti imefunguliwa wiki hii, uzi wake wa kwanza ni huu. Mwanzo wako watano, kidogo tu wamekuwa wanane. Anataja tram kwa jina, anataja shamba kwa jina. Halafu, wakati tumeshakaa vizuri kusoma, linatoka fumbo la mlevi aliyepona. Dada gani wa damu anampeleka mtu wa namna hiyo kwenye divai? Hakuna. Hiki ni kisa cha kutunga, na kesho tutapewa namba ya simu ya kuagiza safari.

Fundi_wa_Umeme
Hesabu ya watano na wanane hata mimi iliniumiza kichwa.

Sista_BelAir
Watano tunatoka huku. Watatu wako kule: bibi arusi, rafiki yake wa kazini, na wifi yake mtarajiwa. Jumla wanane. Tram naijua kwa sababu mwenzangu alipanda na akaniletea foto. Sina kampuni, sina namba ya kumpa mtu. Nimefungua akaunti wiki hii kwa sababu wiki hii ndiyo nina shida, na siwezi kuandika haya kwenye kundi la familia. Kama hamniamini acheni, lakini msimwite mdogo wangu fumbo.

Mwana_Katuba
Nafuta utani wangu wa mimba. Pole yaya.

Mlima_wa_Shaba
Kasuku, iwe imetungwa au haikutungwa, mimi nitajibu, maana yuko mtu anasoma hapa mwenye dada au kaka wa namna hiyo.

Nimefanya kazi mgodini miaka mingi na nilikunywa miaka ile ile, bia ya Simba wakati wa mshahara, lutuku, pombe kali ya kienyeji, mshahara ukiisha. Niliacha. Sista, nakuelewa unapenda mdogo wako, mtu asiyependa haandiki yote hayo. Lakini hebu weka picha ya meza yenyewe. Mnakaa wanane. Mhudumu anaweka glasi mbele ya kila mmoja. Anamimina kidogo, anasema hii ina harufu ya cheri, hii ya moshi, ingizeni pua. Watu wote wanaingiza pua. Mdogo wako afanye nini na pua yake? Akisema hapana, mhudumu atauliza kwa upole kama anataka nyeupe badala yake. Akisema hapana tena, wale wasiojua watamgeukia: bibi arusi, siku yako, hata kidogo? Na hayo yatarudi kwenye kila shamba kati ya hayo manne. Ukimwingiza kwenye pishi la mapipa, hewa yenyewe inanukia divai kabla hajagusa kitu.

Kutema usimwambie kabisa. Ulimi ukishaonja, mwili umeshapata habari. Mimi nilikataa keki yenye ramu kwenye arusi ya mpwa wangu, wakasema nina majivuno. Nilitoka nje nikakaa kwenye gari mpaka muziki ukaisha. Nguvu unayoiona kwenye video ni kwamba kila siku anachagua mahali pa kukaa na mahali pa kutokaa. Ninyi mtamchagulia, na siku hiyo ni yake, hawezi kuondoka akakaa kwenye gari.

Papa_Mwalimu
Naongeza jambo moja, nilipaswa kulitaja mapema. Kwenye mashamba hayo hayo ya Cape, kwa muda mrefu wafanyakazi walipewa divai kama sehemu ya malipo yao. Madhara yake bado yako: eneo lile ni kati ya yale yaliyopimwa na kukutwa na watoto wengi zaidi duniani walioathirika na pombe tangu tumboni. Wenyeji wanajua vizuri mtu aliyeacha ni nani. Ukiomba programu bila pombe, mhudumu hatakushangaa.

Dada_wa_Cape
Na inawezekana kabisa. Yaya, bonde libaki, mabadiliko yawe kwenye milango mnayoingia. Asubuhi nendeni Babylonstoren, kati ya Paarl na Franschhoek: kuna bustani kubwa ya matunda na mboga, mnatembea humo, mnakula vitu vilivyochumwa pale pale. Mchana Fairview pale Paarl, wana jibini lao na mnara wa mbuzi, mbuzi wanapanda ngazi kuzunguka, mtapata foto kuliko za tram. Kote huko divai inauzwa, ni kweli, lakini mkiwa mezani kwa chakula hamlazimiki kuonja, na juisi ya zabibu ipo. Jioni mkipata anga safi, pandeni Mlima Meza kwa kebo, imekuwa ikipandisha watu tangu 1929. Wale wanaotaka kuonja waende na tram kesho yake bila bibi arusi. Avansi yenu haitapotea: ombeni tarehe ibadilishwe.

Kuhusu sababu ya kuwaambia: waambie mvua. Mwezi wa saba si uongo.

Mama_Kamalondo
Hiyo programu nimeipenda. Na mle bukari (ugali) na sombe (kisamvu) nyumbani kwake usiku, beba sombe iliyokaushwa. Nusu siku yangu ya wamama naiacha, ila mmoja wenu mkubwa akae naye pembeni amuulize hali yake.

Kasuku_243
Namba ya simu haijaonekana mpaka sasa. Bado nangoja, lakini naomba uzi usifutwe.

Sista_BelAir
Nimesoma yote. Bustani ya asubuhi nakubali. Mbuzi nakubali. Ila shamba moja la divai ningependa libaki mwishoni, la chokoleti, kwa sababu yule wifi amelichangia pesa nyingi na ndiye mkubwa wa upande wa mume. Bibi arusi atakula chokoleti tu.

Mlima_wa_Shaba
Bibi arusi mwenyewe anajua mnakompeleka?

Sista_BelAir
Ilikuwa tumshangaze.

Mlima_wa_Shaba
Mpigie leo. Mwambie majina yote, pamoja na hilo la chokoleti, akuambie lipi abaki nalo na lipi atoe. Usimwombe ruhusa mbele ya wifi, mpigie akiwa peke yake.

Sista_BelAir
Nimepiga, yuko kazini, atapiga usiku. Dada wa Cape, wakati tunangoja, gari la watu wanane na shofere tutalipata wapi?

Dada_wa_Cape
Gari nitakutafutia mimi, namfahamu mtu wa kutoka Likasi anafanya kazi hiyo hapa. Akishakupigia usiku, niandikie alichosema, ndipo nimpe yule shofere orodha. Na msisahau kadi za chanjo ya homa ya manjano, mkitoka Kongo wanaziomba uwanjani.